Anko Nijibu: Wakongwe wa Kijiweni Wananibana

SWALI: Shikamoo anko. Mi mgeni Dodoma, nimeletwa na kazi, ofisi iko Mtumba kwenye mji wa serikali ila nimepanga Chang'ombe. Karibu na ninapokaa kuna kijiwe cha kahawa na bao, kuanzia saa kumi jioni watu wazima wanajaa, nami nikaanza kwenda ili nisijifungie ndani. Sasa wale wakongwe hawanipi nafasi kabisa. Nikikaa kwenye benchi naambiwa hapo pa fulani hata kama huyo fulani hajafika, nikichangia mada wananiita SGR eti kwa kuwa nilikuja na hiyo treni mpya ya umeme, na juzi nimemwonyesha mtu kete ya kucheza wakanifokea wote. Wananibagua au nimekosea? Nikiacha kwenda sina pengine. (Msomaji, Chang'ombe)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la kubaguliwa litoe kichwani. Mtu wasiyemtaka kijiweni hapewi jina la utani, anaachwa anywe kahawa yake aondoke na kesho hakuna anayeuliza yuko wapi. We ushapewa jina, na hiyo treni ya SGR imefika Dodoma 2024 tu, kwa hiyo wamekuweka kwenye kundi la wageni wapya, ndo ulipo kweli. Itika ukiitwa.

Kosa lako ni kwenye bao, na hapo mi niko upande wao. Bao lina kete 64, kila mtu 32, na mchezo unapoanza kila mmoja ana kete 22 mkononi anaziingiza moja moja, ndo namua hiyo. Mkongwe ukimwona kainama kashika kidevu hajalala, anahesabu kete itaishia wapi baada ya mizunguko kadhaa na nyumba yake, lile shimo lake la kuwekea kete nyingi, itapona au italiwa, sasa we ukidakia "cheza hiyo" umemvuruga hesabu na mpinzani wake umempa siri bure, hata kama uliona sawasawa. Wenzio waliozunguka pale nao wanaona, wengine tangu mapema, ila wanameza mpaka mchezo uishe ndo ubishi unaanza. Hapo ruksa. Muulize mzee, zile kete ulizokula katikati mbona ulizianzishia kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho upande huo, na sio cha kulia? Atakupangia ubao upya akuonyeshe kete kwa kete, na watu kama watatu watampinga, na utajifunza bao jioni moja kuliko mwezi mzima wa kuchungulia.

Benchi: mwachie mwenyewe. Huenda ndo upande usiopigwa na upepo, na upepo wa Dodoma mwezi wa saba utaujua tu. Ukimwona anakuja nyanyuka kabla hujaambiwa, basi.

Kwenye mada sasa. Hao watu uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma wa 1973 wengine waliusikia wakiwa hapahapa, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, wameiona inapima viwanja mpaka ilipovunjwa 2017, na nani alipata kiwanja wapi na nani alinyimwa wameshasimuliana mpaka kila mtu anajua mwenzake ataanzia wapi. Mgeni ukiingia na "mi nilisoma mahali kwamba" unakata stori ya watu. Uliza badala yake. Yani uliza kweli, kwa sababu mambo mengi ya mji huu yamo vichwani mwa hao wazee na hayajaandikwa popote, na mi inaniuma kila nikisikia mmoja wao katangulia.

Ila kuna kitu siwatetei. Utani ukiingia kwenye kabila lako kwa kukudhalilisha, au ukageuzwa wa kulipia kahawa na kashata za kijiwe kizima kila siku eti we mtu wa serikali, hiyo sio mila ya kijiwe, ni uonevu. Mara mojamoja lipa kwa moyo wako. Ikizidi usibishane mbele za watu, mfuate pembeni mzee mmoja, yule asiyeongea sana ambaye akikohoa wenzake wananyamaza, mwambie kwa adabu. Atalimaliza.

Na mwenzenu akifiwa usitume mchango halafu ukakaa nyumbani. Nenda, beba viti, kaa msibani mpaka usiku. Kuna watu wana miaka pale na bado wanaitwa wageni kwa sababu ya hilo tu.

Kesho wahi kabla ya saa kumi, msaidie muuza kahawa kutoa mabenchi, halafu muulize lipi halina mwenyewe.