Re: Naogopa kozi ya anthropolojia ya dini itanipotezea imani

Mdogo wangu, nimekusoma: umelelewa kwenye kanisa la kilokole, mwalimu kakupangia kwenda kutazama ngoma ya pepo Tanga, na mama anasema unajiuza kwa shetani.

Kwanza, kozi hiyo haikuulizi kama pepo wapo. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alipokaa na Wazande, kabila la huko Sudan Kusini na jirani zake, alikuta wanajua fika kwamba ghala limeanguka kwa sababu ya mchwa. Uchawi ulijibu swali lingine: kwa nini limeanguka muda uleule fulani amekaa chini yake? Kazi yako ni kulielewa swali hilo. Yeye mwenyewe aliingia Ukatoliki mwaka 1944, baada ya utafiti wote ule. Mwambie mama hiyo, ingawa sidhani kama itamtosha.

Barua ya chuo ipeleke kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kumfuata mganga. Ukifika, sema mapema kwamba unatazama tu. Ukiletewa chetezo cha ubani ujifukize na moyo unakataa, kataa kwa adabu. Wazee wa ngoma wanaheshimu mgeni mwenye mipaka kuliko anayeigiza. Usirekodi bila ruhusa. Na mtu akitajwa kuwa mchawi, jina lake lisiingie hata kwenye daftari, maana vikongwe wameuawa nchini kwa maneno kama hayo.

Hofu ikikunyima usingizi, nenda kwa mshauri wa wanafunzi mapema, na umwombe mwalimu mada nyingine. Mikesha ya kanisani kwenu nayo inafaa kabisa.