Mashua ya miaka 18: niikarabati au niunde mpya?

Swali: Nina mashua ya mbao ya mita 8 hapa Pangani, ina miaka 18. Inavuja mpaka tunafua maji kila nusu saa. Fundi mmoja ananidai nusu ya bei ya mashua mpya ili aikarabati. Mwingine anasema niifunike yote kwa faibaglasi, bei ndogo. Nimfuate yupi?

Jibu: Kuvuja peke yake si hoja. Kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, ikioza, hata chombo imara huingiza maji, na kuitia upya ni kazi nafuu. Kinachoamua ni mkuku (mti mkuu wa chini, uti wa mgongo wa chombo) na mataruma (mbavu zake za ndani). Kwa hiyo usipatane bei na fundi yeyote kabla hujaipweleza mashua pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, ukaitia magadi (miti ya kuitegemeza isilale) na kukwangua rangi na shahamu (mafuta ya kupaka chombo) yote ya chini.

Vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi shetri (nyuma), sambamba na mkuku. Ukikuta mkuku umepinda sm 2, inavumilika. Ukizidi sm 5, mgongo umekwisha, na mbao mpya utakazopigilia zitafuata pindo lilelile. Kisha choma mkuku kwa bisibisi nyembamba kila sm 30. Ikizama zaidi ya mm 5 bila kulazimishwa, hapo pameoza. Angalia pia vitundu vya mm 1 au 2, kazi ya wadudu wa maji ya chumvi. Nje tundu ni dogo, ndani mti umeliwa mapango. Gonga kwa nyundo usikie kama pana uwazi. Mkuku ulioliwa hivyo usiuhangaikie: kuutoa ni kufumua mbao za chini pande zote mbili, yaani unalipia kubomoa na kuunda.

Kwenye mataruma kagua hasa vichwa vya juu, maana maji ya mvua huozesha mti kuliko ya bahari. Yakiwa mabovu hayazidi robo, kila moja huambatishiwa taruma jipya ubavuni.

Ng'oa misumari sita chini ya mkato wa maji (mstari ambapo maji hufika chombo kikielea), sehemu mbalimbali. Ikiwa imeliwa hadi nusu ya unene, yote inataka kubadilishwa. Mashua yenye mataruma 26 na mbao 11 kila upande, misumari miwili kila makutano, inakula kama 1,100. Mafundi wengi husahau kuihesabu hiyo wanapokutajia bei.

Faibaglasi kataa. Mbao kuukuu zina maji ndani, huvimba na kusinyaa. Ganda halizifuati, hubanduka, maji yakanaswa katikati na uozo ukaendelea pasipoonekana.

Sasa hiyo "nusu ya bei". Je, bei ya mpya uliyoambiwa ina injini, mlingoti na tanga ndani yake? Vyako vikiwa vizima vitahamia kwenye chombo kipya, basi linganisha bodi (chombo kitupu) kwa bodi tu. Ongeza robo kwenye bei ya fundi, kwa ajili ya yatakayofichuka mbao zikifunguliwa. Ikivuka asilimia 60 ya bodi mpya, mimi ningeunda mpya.

Ukiamua kukarabati, dai mbao kavu; mbichi husinyaa na kuachanisha viungo. Viungo vya mbao mbili jirani visikae kwenye taruma moja. Pamba ya kalafati isishindiliwe kupita kiasi, kwani mbao zikivimba zitasukumana na kung'oa misumari. Ukiishusha itavuja, iache majini siku mbili ndipo umlaumu fundi.