Upweke wa Kigoma, Taylor Swift, na mwanamke aliyebebeshwa lawama za ziwa zima

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia inboksi, kapangiwa kazi huku Kigoma, hana ndugu hana jamaa, anauliza "dada wewe uliwezaje, mi wiki ya pili haijaisha nishalia mara nne". Mara nne ni chache mno mwaya. Nikaanza kumjibu kwa voisi noti, ikafika dakika kumi na moja, nikaona bora niandike tu.

Mimi nilishuka hapa mwanzoni mwa 2024 na mabegi mawili. Chumba Bangwe, dirisha linatazama ziwa, kila niliyemtumia picha akajibu "umeula". Sawa, ila picha haikwambii kwamba Jumamosi nzima unaweza kuongea na mtu mmoja tu, muuza dagaa, tena mnabishana bei. Dar tulikuwa na grupu letu la watu sita, likawa kimya, nikajua wako bize, kumbe wamefungua lingine la kamati ya harusi ya mmoja wetu bila mimi, eti "tulijua huwezi kuja, ni mbali". Nauli ya treni nilikuwa nayo. Anayesoma hapa anajijua.

Kilichokuwa kinanituliza usiku ni taa za wavuvi wa dagaa. Giza la mwezi ukikaa dirishani unaona ziwa limewaka kama kuna mji umehamia majini. Halafu Mei 15 serikali ikafunga uvuvi miezi mitatu samaki wazaliane, uamuzi mzuri sina neno, ila dirisha langu likabaki jeusi tii, na ndo hapo nikaanza kukesha na simu.

Taylor Swift, yule mwanamuziki wa Marekani, alikuwa kwenye ziara yake Ulaya majira hayo, mashabiki walioko uwanjani wanarusha laivu, picha inatetemeka, nusu saa unaangalia kisogo cha mtu. Shoo ya masaa matatu na zaidi, kwa bando la mshahara wangu! Lakini London akipanda jukwaani saa moja na kitu jioni, huku ni saa tatu na kitu usiku, yaani muda uleule ambao chumba kilikuwa kinanishinda kukaa. Tunabishana kwenye komenti leo atapiga wimbo gani wa kushtukiza, mmoja Mombasa, mwingine Manila, na hao ambao mpaka leo sijawaona kwa macho ndo walikuwa wananiuliza umekula.

Mashabiki wake wana kawaida ya kutengeneza bangili za shanga na kubadilishana. Nikaenda soko la Mwanga, shanga za herufi hakuna, nikachukua zile za kiunoni. Mama muuzaji akaniangalia, "mwanangu hizi unamvalia nani?" Nikamwambia Taylor. Akanipunguzia mia tano.

Yule wa Manila ndo alinitajia riwaya ya *Circe* ya Madeline Miller, ya 2018. Kwenye hadithi ya kale ya Homer, yule mshairi wa Kigiriki, Circe ni mchawi wa kisiwani anayegeuza mabaharia kuwa nguruwe, mume wa mtu anapita kwake, anaendelea na safari. Kwa Miller anasimulia mwenyewe, na unaambiwa mabaharia waliomfanyia unyama walianza vizuri tu, aliwakaribisha na chakula akawapa, mpaka walipojua hana mwanaume nyumbani. Niliweka simu chini nikaenda kuangalia komeo.

Nikamsimulia mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Ujiji. Akasema we, hata hili ziwa limeletwa na mwanamke. Ni hadithi ya zamani, Stanley aliikuta Ujiji 1876 akaiandika. Mtu na mkewe walikuwa na kisima cha siri chenye samaki, mume akaenda Uvinza, akaacha amri mtu asionyeshwe. Mke alikuwa na mpenzi wake, akamwonyesha, ardhi ikapasuka, maji yakameza kila kitu. Mama akamalizia "wanawake hatuna kifua" huku anacheka.

Mi sikucheka. Uvinza kwa miguu enzi hizo ni siku ngapi? Mbona hakuna anayeuliza huyu dada aliachwa peke yake muda gani, na samaki wote wale anakula na nani? Nikaiandika upya kwenye simu usiku ule, ya kwangu anajua kuogelea.

Sasa nyie mabinti mnaokaa kuangalia status za watu waliowatoa kwenye magrupu, acheni! Tafuteni kitu cha kupenda kwa sauti, na watu wanaokipenda, hata wako Manila. Someni. Hadithi ya kwenu ikimtukana mwanamke, ishikeni muiandike upya, msisubiri kupigiwa simu, simu hazipigwi jamani, mimi nimesubiri najua. Someni, narudia.

Katikati ya Agosti uvuvi ukafunguliwa, wiki ileile Taylor amerudi uwanja wa Wembley, London. Nikakaa dirishani, simu mkono mmoja, nikingoja taa. Zikatoka chache sana, kulikuwa na mbalamwezi, na mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Ikabidi ningoje tena mwezi ufe.

Mdogo wangu, hujaniambia umepanga mtaa gani. Kama ni Gungu au Mwanga, Jumamosi nakuja, nina bangili yako hapa, ya bluu, imenibana mimi.