Jibu (2020, wakati wa korona): Shule imefungwa, mwanangu mwenye usonji (autism) anasahau

Pole sana, mama. Umeandika kwamba tangu shule zifungwe Machi 2020, shule yenu ya kibinafsi hapo Kisumu inatuma kazi kwa WhatsApp tu, na kijana ameanza kusahau hata kuvaa shati. Mimi hufundisha watoto kama yeye Nakuru. Somo la hesabu lisubiri kwanza. Mwombe mwalimu mpango binafsi wa masomo wa kijana, mchague malengo mawili pekee, kisha awe akikupigia simu akuelekeze wewe; watoto wengi kama yeye hawatulii mbele ya skrini. Chora ratiba ya siku kwa picha, uibandike ukutani: kunawa, chai, kazi, kucheza. Dakika 10 kwa mara moja zatosha, kweli. Kwa kuwa masomo ni ya WhatsApp tu, punguzo la karo liombe shuleni kwa maandishi. Akianza kujiumiza au kukosa usingizi, usingoje shule ifunguliwe, mpeleke kwa daktari.