Kabla ya Kufunga Tai, Sikiliza Sauti Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Sengerema aliniandikia kuniomba ushauri: ameitwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya video, na anataka kujua kama avae blauzi nyeupe au ya rangi. Nilimjibu kwamba mavazi yatafuata baadaye, kisha nikamuuliza ni maikrofoni ipi itakayochukua sauti yake. Hakuelewa swali. Sikumlaumu, kwa sababu miaka miwili iliyopita nami nisingelielewa, na kutolielewa huko kulininyima kazi ambayo nikiikumbuka hadi leo roho huniuma.

Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba ndogo iliyobanwa katikati ya mawe ya Bwiru, jijini Mwanza, dirisha la sebuleni likitazama ziwa. Ofisi moja ya Ulaya ilikuwa ikitafuta mfasiri wa Kiswahili wa kudumu. Jaribio la maandishi nilikuwa nimekwisha kulifaulu, na usaili ulipangwa saa nane mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikagua kila kitu, na hapa naomba nieleweke: sikuwa mzembe. Nilivaa visikizi vyangu vya Bluetooth, nikampigia rafiki yangu wa Igoma, akaniona, akanisikia, tukacheka, nikalala kwa amani.

Kesho yake niliketi saa nane kasoro dakika tano, nimelipa ziwa mgongo kwa makusudi ili wageni waone mtu huyu anatoka wapi. Niliamua pia kutovaa visikizi, nikidhani kwamba nitaonekana nadhifu zaidi bila kitu masikioni. Mpwa wangu, aliyekuwa likizoni kwangu, alivikuta juu ya kabati, akavivaa na kutoka navyo barazani. Navyo, kwa kuwa mara ya mwisho vilikuwa vimeunganishwa na kompyuta yangu, vikajiunga nayo tena vyenyewe. Kati yetu ulikuwapo ukuta mmoja tu. Kompyuta ikahamishia sauti yote kwake bila kuniuliza.

Nikawa naona midomo ya wasaili watatu ikichezacheza, wala sisikii neno. Niliongeza sauti, nikafunga programu, nikaifungua upya, nikaandika ujumbe wa kuomba radhi. Wao, kama nilivyokuja kujua, walikuwa wakisikiliza, kupitia maikrofoni ya visikizi, mabishano makali ya Simba na Yanga kule barazani. Dakika ya tisa mpwa wangu aliingia ameshika visikizi mkononi, akasema: "Mjomba, humu ndani kuna watu wanaongea Kiingereza, na wanakutaja jina."

Sauti iliporudi, kiongozi wao alinieleza kwa upole kwamba hawauoni uso wangu. Jua la mchana lilikuwa likimeremeta juu ya maji nyuma yangu, na kamera, ikijipimia mwanga kwa ule mng'ao, ililitoa ziwa vizuri na kunifanya mimi kivuli chenye tai. Nilipoigeuza meza, picha ikaanza kuganda, nasi tukaagana bila kulifikia swali la pili. Barua yao ilinitakia kila la heri na kutaja kwamba kazi ile inahitaji mtu mwenye mazingira tulivu ya mawasiliano. Niliisoma mara nyingi mno. Miaka yangu yote ya kufasiri mikataba na vijitabu vya kilimo ilipimwa kwa visikizi vya shilingi 25,000.

Miezi iliyofuata sitaieleza. Itoshe kusema kwamba leo ninaifanyia kazi ofisi nyingine, kubwa kuliko ile (nalisema hili kwa makusudi), na katika usaili wake wa dakika 50 hakuna aliyeuliza "Unatusikia?" hata mara moja.

Kilichobadilika ni kwamba niliacha kuiamini ile alama inayopanda na kushuka mtu anapozungumza. Alama hiyo huthibitisha kwamba ipo maikrofoni inayosikia. Haisemi ni ipi. Siku hizi ninafungua mipangilio, ninasoma majina ya maikrofoni na spika zilizochaguliwa, ninazima Bluetooth, kisha ninakwaruza kwa ukucha karibu na tundu la maikrofoni ya kompyuta; alama isiporuka, ninajua sauti yangu inachukuliwa kwingine. Baada ya hapo ninaingia katika mkutano wa majaribio wa Zoom, ambao humrudishia mtu sauti yake aisikie kama wengine watakavyoisikia. Programu nyingine yoyote inayoweza kuwa imeishika kamera ninaifunga mapema.

Jaribio jingine lifanywe na mtu aliye mbali, anayetumia mtandao wake. Kumpigia ndugu aliye chumba cha pili hakufundishi kitu, maana maikrofoni ya huyu husikia spika ya yule, na sauti hujizungusha hadi ikageuka mluzi. Tena lifanywe saa ileile na kwenye kiti kilekile cha siku yenyewe. Jaribio langu la Bwiru halikuwa la uongo, ila lilikuwa la usiku, wakati ziwa halina jua na mpwa amelala.

Kuhusu bando, wengi hupima kasi ya kupakua na kusahau ya kupakia, ilhali ndiyo inayobeba sura yako kwenda kwa wenzako. Kwa mazungumzo ya watu wawili, Zoom huhitaji takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kila upande ili picha iwe safi, lakini sauti pekee haihitaji hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Kwa hiyo picha ikianza kuganda, omba ruhusa uzime kamera na uendelee kujieleza. Siku ile niliona aibu kuomba. Vijana wenzangu wa Kanda ya Ziwa, tunakopa fedha za koti na viatu, tunakesha tukikariri majibu, kisha tunaona uchungu kutumia nusu saa kujisikiliza! Acheni kuwaachia watu wasiowajua wawe wa kwanza kuisikia sauti yenu.

Yule msomaji alinipigia Jumatano saa nne asubuhi, saa ileile ya usaili wake. Nilimsikia vizuri, na pamoja naye nikalisikia jogoo na cherehani ya jirani. Alihamia chumba cha mama yake, akaketi akilielekea dirisha badala ya kulipa mgongo, akanipigia tena. Jogoo sasa alikuwa mbali na cherehani haikusikika kabisa. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweupe, kwa hiyo nilimwambia avae blauzi ya rangi.