Kwa nini uzi wa mshono haukushika rangi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mtengenezaji wa batiki. Mteja aliniletea gauni jeupe la pamba lililokwisha kushonwa, nikalitia rangi iliyoyeyushwa kwa kemikali mbili, kostiki na haidrosalfaiti, kama kawaida. Kitambaa kilikolea vizuri, lakini uzi wa mshono ulibaki mweupe. Nilirudia kwa maji yanayochemka, ukabaki vilevile. Je, uzi huo ulikuwa umepakwa nta?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nta haihusiki. Gauni ni la pamba, lakini inaelekea fundi alilishona kwa uzi wa poliesta, ambao umejaa madukani kwa kuwa haukatiki ovyo kwenye cherehani. Ukitaka kuhakikisha, chomoa kipande ukichome: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi, ilhali poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Pamba ikilowa huvimba, na rangi ya batiki iliyoyeyushwa kwa kostiki na haidrosalfaiti hupenya ndani yake. Unapoianika, hewa huirudisha rangi katika hali ya kutoyeyuka, nayo hunasa humohumo. Poliesta haivimbi, kwa sababu minyororo ya molekuli zake imebanana na hainywi maji ila kidogo sana. Rangi yako, ambayo ikiyeyuka huwa na chaji ya umeme na kuyapenda maji, haina kinachoivuta iyaache maji na kuingia humo.

Viwandani poliesta hutiwa rangi za mtawanyo, zilizobuniwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kitambaa cha asetati (aina nyingine ya uzi wa viwandani), kabla poliesta yenyewe haijavumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Molekuli za rangi hizo ni ndogo, hazina chaji, na karibu haziyeyuki majini, bali hutawanywa kama vumbi laini. Hata hizo hazipenyi mpaka uzi upate joto. Chini ya sentigredi 70 hivi minyororo huwa imekakamaa kama kioo; juu ya hapo, sehemu zake zisizopangika huanza kutikisika, na kila mtikisiko hufungua upenyo ambamo molekuli ya rangi hujipenyeza, ikihama kidogo kidogo kutoka nje ya uzi hadi kiini chake. Katika maji yanayochemka kazi hiyo huenda polepole mno, ndiyo sababu hutumika mitungi iliyofungwa yenye mgandamizo, maji yakafikishwa sentigredi 130 bila kuchemka, kwa nusu saa hadi saa nzima.

Rangi hiyo haifungamani kikemia na uzi, bali huyeyuka ndani ya poliesta na kushikiliwa na mivutano midogo baina ya molekuli. Uzi ukipoa, minyororo hukakamaa tena na kuizuia isitoke. Joto likirudi, hata la pasi iliyopita kiasi, rangi huweza kuhamia kwenye nguo ya jirani. Na ajabu ni kwamba kostiki na haidrosalfaiti ndizo zinazotumika viwandani kusafisha rangi ya ziada iliyoganda juu ya poliesta!

Tafadhali usijaribu kufikia joto hilo kwa sufuria ya presha ya jikoni. Tia rangi kitambaa kabla hakijashonwa, kisha fundi atafute uzi unaofanana nacho. Au mteja aagize tangu mwanzo kwamba gauni lishonwe kwa uzi wa pamba.