Maswali ya Wasomaji: Mlio Ndani ya Kompyuta

SWALI: Ninaendesha duka dogo la saiba hapa Kondele, Kisumu, ambako tunapiga chapa, tunatoa fotokopi na kuwajazia wateja fomu za mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, niliinunua ikiwa imeshatumika, na diski yake ni ya gigabaiti 500. Tangu mwezi uliopita inachelewa sana kuwaka, faili nyingine hukwama ninapozifungua, na jioni, barabara ikipungua kelele, ninasikia “tik, tik” ndani ya kasha lake. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akataka kuifomati. Wa pili aliiangalia kwa programu ya CrystalDiskInfo, akaona alama ya njano, akasema diski inakufa. Nimwamini nani? – Mwenye duka, Kondele

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, lakini kabla hujaendelea na mabishano yao, nakili kazi zako leo kwenye diski ya nje, ukianza na zile ambazo huwezi kuzitengeneza upya. Kufomati kungekupotezea kumbukumbu zako bila kuponya chochote ikiwa ubovu uko kwenye chuma chenyewe. Hata ukaguzi wa chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski nzima, usiuanzishe kabla ya kunakili, kwa kuwa hulazimisha diski kusoma uso wake wote, na diski dhaifu huweza kuzimia katikati ya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye mlio. Ndani ya diski ya aina hiyo mna sahani ambazo kwa kawaida, kwenye kompyuta za mezani, huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake bila kuzigusa. Mkwaruzo hafifu wakati wa kufungua faili ni sauti ya kazi. Mlio wenye mpigo unaojirudia, kisha kompyuta ikaganda, ni jambo jingine: mara nyingi kichwa kinatafuta njia yake, kinakosa, kinarudi mwanzo na kujaribu tena. Hata hivyo, diski isiyopata umeme wa kutosha huweza kulia vivyo hivyo, kwa hiyo mwombe fundi aijaribu kwa waya mwingine wa umeme kabla ya kuihukumu.

Kuchelewa kuwaka peke yake si ushahidi. Kompyuta yenye memori ndogo huchelewa miaka mingi na diski yake ikawa nzima. Linalonitia shaka ni kwamba kuna faili zinazokwama. Zikiwa ni zilezile kila mara, huenda zimelala juu ya sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya diski visivyosomeka vizuri.

Kuhusu alama ya njano, usiridhike na rangi, soma mistari ya CrystalDiskInfo. Mstari wa 05 huhesabu sekta ambazo diski imezistaafisha na kuziwekea nyingine za akiba, C5 huhesabu zinazosubiri kuamuliwa, na C6 zile zilizoshindikana kusomeka. Namba za programu hiyo huandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita (hexadecimal) usipobadilisha mpangilio, hivyo 10 utakayoiona ni 16, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Ukitumia diski ya Seagate, namba kubwa mno kwenye mstari wa 01 isikutishe, kwani ndivyo kampuni hiyo inavyoandika hesabu yake. Nayo C7 ikipanda, shuku kebo ya data kwanza. Kebo ni rahisi kuliko diski.

Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, C5 huweza kupanda kidogo, kisha ikarudi sifuri sekta hiyo inapoandikwa upya. Kwa sababu hiyo, andika namba hizo daftarini leo, uzisome tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Zikisimama palepale, unaweza kuitumia kwa kazi zisizo na thamani. Zikipanda, hata kwa moja moja, inunulie mrithi. Wala rangi ya buluu, ambayo programu hiyo huitumia kusema diski ni nzima, isingekuwa cheti cha afya: mwaka 2007 watafiti wa Google waliofuatilia diski zaidi ya 100,000 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya zilizoharibika hazikuwa na dosari yoyote kwenye vipimo vinne vizito kuliko vyote.

Kwa mlio, faili zinazokwama na alama ya njano vikiwa pamoja, mimi ningenunua diski mpya bila kungoja wiki iishe.

Hiyo ya zamani usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Imebeba nakala za vitambulisho na namba za siri za wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe pia. Mwombe fundi aitoboe kwa drili hadi kwenye sahani.